Uzoefu wangu na kifaa cha kufuatilia chumba cha seva: kizuri, ila umeme wake upange mwenyewe

Kifaa hiki huangalia joto, umeme na maji, na kunitumia SMS mambo yakiharibika. Nimekifunga Dar es Salaam, kwenye chumba chenye raki mbili (kabati za chuma za seva), UPS (betri ya dharura ya seva) ya kVA 6, viyoyozi viwili vya ukutani na jenereta la jengo. Sasa kina miezi 14. Ni kisanduku cha chuma kinachochukua nafasi moja ya raki, chenye njia nne za vihisi, njia nne za kupokea swichi ya kawaida (mgusano unaofunga au kufunguka tu), rilei moja (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na tundu la laini ya simu. Umeme kinapokea kwa njia mbili: PoE, yaani umeme unaopita ndani ya kebo ya mtandao, au adapta ya volti 12. Nakipa nyota nne. Nyota iliyopungua ni ya umeme, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Mwongozo unashauri ukichomeke kwenye swichi ya mtandao yenye PoE, basi. Kinawaka kweli kwa kebo moja tu, na kinapendeza. Lakini swichi hiyo inakula UPS ileile inayolisha seva. Umeme ukikatika na jenereta likagoma, UPS ikiisha vinazima vyote kwa mpigo: seva, swichi, rauta, na huyo aliyewekwa kuvilinda. Simu yako inakaa kimya, nawe unadhani kumetulia.

Dawa ni betri yake yenyewe. Nimetumia betri ya volti 12, Ah 7, ile iliyofungwa isiyohitaji maji, pamoja na chaja ndogo ya kulea betri kwa volti 13.6 hadi 13.8. Kifaa kinakula takriban wati 5, kikituma SMS kinaruka hadi 7. Kwa hesabu ya karatasi, wati-saa 84 (volti 12 mara Ah 7) kugawa kwa wati 5 ni karibu saa 17. Nilipopima kilifika saa 13 kabla chaja haijakata betri. Inatosha kabisa. Betri na chaja kwa pamoja havikufika sehemu ya kumi ya bei ya kifaa.

Mambo matatu ya kuangalia hapo. Kwanza, hakikisha kifaa kinavumilia volti 13.8, maana kuna vilivyoandikwa volti 12 na kweli havitaki zaidi ya hapo. Soma kiwango cha juu kwenye jedwali la mwisho la mwongozo, si kwenye lebo. Pili, pini ya adapta: zipo za milimita 5.5 kwa 2.1 na za 5.5 kwa 2.5, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukiweka plagi ya 2.5 kwenye tundu la 2.1 inaingia vizuri, ila inacheza, na kifaa kitajiwasha upya kila mtu akigusa raki. Tatu, weka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Na betri usiiweke nyuma ya raki kwenye hewa ya moto. Betri za aina hii zinapungua umri kwa karibu nusu kila joto likipanda nyuzi 10 juu ya 25.

Bado unaweza kuunganisha PoE kama njia ya pili, ilimradi swichi iwe ya kiwango cha PoE kiitwacho 802.3af. Vile visanduku vya volti 24 vinavyokuja na redio za Wi-Fi za juu ya paa si vya kiwango hicho, na havitakiwasha.

Vihisi vya joto ni DS18B20, sahihi kwa nusu nyuzi, na hapo sina malalamiko. Viunge kwa mnyororo, kimoja baada ya kingine, kwa nyaya tatu. Ukivitawanya kama nyota kutoka sehemu moja, au ukijaribu kubana matumizi kwa nyaya mbili, usomaji utaanza kupotea waya ukirefuka. Ukiona nyuzi 85 kamili ghafla, usikimbilie kizima moto: hiyo ndiyo namba kihisi kinachowaka nayo kabla hakijapima chochote. Maana yake umeme wake umeyumba, na mara nyingi ni skrubu iliyolegea.

Kihisi kikae mbele ya raki, sehemu ya juu, pale seva inapovuta hewa. Kiwango kinachopendekezwa na ASHRAE (chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani) kwa hewa hiyo ni nyuzi 18 hadi 27. Fundi aliyekuja mara ya kwanza alikibandika chini ya kiyoyozi, kikawa kinasoma 19 huku seva ya juu ikivuta 29.

Kinachosahaulika ni kwamba viyoyozi kwa kawaida havipo kwenye UPS. Umeme ukikatika seva zinaendelea kuchemsha chumba bila upepo. Kwangu mzigo ni kama kilowati 2.5, nilipozima viyoyozi kwa makusudi, joto lilitoka 22 hadi 30 kwa dakika 17, wakati UPS inashika dakika 25. Kwa hiyo joto linakuwahi kabla ya betri. Nimeweka onyo la kwanza kwenye 27, la hatari kwenye 32, na tofauti ya nyuzi 2 kabla onyo halijafutika. Bila tofauti hiyo, joto likicheza kwenye 27 utapokea meseji arobaini usiku mmoja.

Kugundua umeme kukatika kifaa hakiwezi chenyewe. Nimetumia rilei ya volti 230 na soketi yake ya reli. Koili inakaa kwenye umeme wa ukutani, kabla ya UPS, na mgusano unaingia kwenye kifaa. Umeme ukiwepo mgusano umefunga, ukikatika unafunguka. Nimeunga hivyo makusudi: panya akila waya, kifaa kinaona kama umeme umekatika na kinapiga kelele. Ukiunga kinyume, waya uliokatika utaonekana kama kila kitu ni salama. Weka ucheleweshaji wa sekunde 30, vinginevyo kila kuyumba kwa umeme ni meseji.

Kamba ya kuhisi maji nimeilaza chini ya bomba la maji ya kiyoyozi. Kwa unyevu wa Dar bomba hilo huziba, na maji hushuka ukutani taratibu. Ifute vumbi kila baada ya miezi michache, la sivyo vumbi lenye unyevu litaleta kengele ya bure.

Laini ya simu: ondoa PIN kabla ya kuiingiza, na antena itoke nje ya raki ya chuma. Kifurushi cha SMS kikiisha hakuna kitakachokuambia, kwa hiyo nimekipangia kitume meseji ya “nipo hai” kila siku saa 2 asubuhi. Isipofika, naulizia.

Upande wa mtandao ni mwepesi. Badilisha nenosiri la kiwandani na neno “public” la SNMP (lugha ambayo seva ya ufuatiliaji hutumia kukisoma kifaa; “public” ni kama nenosiri lake la kiwandani), au tumia SNMPv3 moja kwa moja. Milango ya UDP 161 na 162 ifungue kati yake na seva ya ufuatiliaji tu. Kipe pia anwani ya NTP (seva ya kukipa saa sahihi). Betri ya saa yake ni dhaifu, na kikiwaka upya bila NTP kumbukumbu zinaanza 1 Januari 1970.

Kabla hujamlipa fundi, zima breka ya chumba ukiwa umeshika saa. Meseji ya umeme ifike ndani ya dakika moja. Kisha chomoa kebo ya mtandao ya kifaa, uone kama SMS inaendelea kutoka. Halafu zima na chaja, ukiache usiku kucha na betri peke yake.