Hataza ya jeni, au jeni ziachwe huru?

Hataza ni haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako bila idhini. Tuanze na gharama, maana hapo ndipo mgonjwa anapoumia. Kampuni ya Myriad Genetics ya Marekani ilipokuwa na hataza za jeni za BRCA1 na BRCA2, zinazohusiana na saratani ya matiti na ya ovari, kipimo kilizidi dola 3,000. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba DNA iliyotenganishwa tu na mwili ni zao la maumbile, haina mvumbuzi, hivyo haipewi hataza. Maabara nyingine zikaingia sokoni, bei ikashuka. Hapa uhuru unashinda waziwazi. Kwangu mimi, kubwa kuliko bei ni mwanamke kuweza kupima tena kwingine kabla hajakubali kuondolewa titi.

Kwenye mtaji, hataza ina nguvu: ulinzi wa miaka 20 humvuta mwekezaji. Tena humlazimu mvumbuzi kueleza hadharani alichobuni. Siri ya biashara haina sharti hilo wala ukomo, na Myriad ilibaki na hifadhidata yake ya mabadiliko ya jeni hizo kama siri hata baada ya hukumu.

Kama ukoo wenu una saratani hizo, jeni huru zinakufaa zaidi. Kama unatengeneza dawa na unahitaji mtaji, hataza bado ina kazi, ila kwa kile ulichokiunda: mahakama hiyohiyo iliikubali cDNA, yaani aina ya DNA inayotengenezwa maabara. Ukilenga soko la Ulaya, mlango ni mpana zaidi, kwani sheria yao ya 1998 inaruhusu hata jeni iliyotenganishwa ipewe hataza.