Wakala wa Matibabu ya India Aliyetuletea Dawa Isiyomfaa Mume Wangu

Naandika nikiwa na hasira, na sitajaribu kuificha. Hapa Dar es Salaam zipo ofisi zinazowaunganisha wagonjwa na hospitali kubwa za India, na mojawapo tuliiendea miezi kadhaa iliyopita, baada ya kuthibitika kwamba saratani ya utumbo mpana ya mume wangu imefika hatua ya nne na kusambaa hadi kwenye ini.

Mapokezi yalikuwa ya heshima, na kila mmoja wetu akapewa chupa ya maji iliyotoka kwenye friji. Mume wangu hakuweza kuishika yake, kwa kuwa siku hizo alikuwa ametoka kuwekewa dripu ya oksaliplatini, dawa ya kemo ya saratani hii, na yeyote aliyewahi kuitumia dawa hiyo anajua jinsi vidole vinavyochomachoma vikigusa kitu cha baridi. Mhudumu wetu akashangaa na kumuuliza kama ana ugonjwa wa viungo. Mtu anayejipatia riziki kwa kuzungumzia saratani ya utumbo alipaswa kulijua hilo.

Tuliwakabidhi kila kitu: picha za sitiskani, majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, na karatasi ya kipimo cha vinasaba iliyoeleza waziwazi kwamba uvimbe una badiliko katika jeni la KRAS. Tukalipa ada ya kufungua jalada. Haukupita muda ukaja mpango wa matibabu wenye nembo ya hospitali, na dawa iliyobeba sehemu kubwa ya gharama zote ilikuwa setuksimabu.

Daktari wetu wa saratani katika hospitali ya umma aliusoma mpango ule mara moja, akauliza, "Hawa waliyaona majibu ya vinasaba?" Kisha akatueleza, bila haraka, kwamba dawa hiyo huziba kipokezi kilicho juu ya seli ili amri ya kukua isiingie, lakini KRAS ikishabadilika, amri hutolewa humo humo ndani hata kipokezi kikizibwa, kwa hiyo mgonjwa huambulia vipele na madhara mengine bila faida yoyote. Jambo hili limejulikana tangu mwaka 2008, nalo linawahusu kati ya asilimia 40 na 50 ya wagonjwa wa saratani hii iliyosambaa. Si siri ya maabara.

Nilirudi ofisini kwao peke yangu kuomba maelezo. Nilimwonyesha mhudumu yule karatasi, nikamwekea kidole kwenye mstari wenyewe. Hakuusoma. Aliniambia, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri zamu yao, "Mama, hayo waachie madaktari. Wewe kama kweli unampenda mumeo, uza hata kiwanja aondoke."

Maneno hayo hayajanishuka hadi leo. Nilikuwa nimeuliza kuhusu dawa, nikajibiwa kuhusu mapenzi yangu kwa mtu niliyezaa naye, ninayemwoshea mfuko wa choo kila asubuhi, ninayejua kwa mkao wake tu kwamba maumivu yameanza. Kiwanja ningekiuza kabla ya jua kuzama kama kingemwongezea miaka. Kukiuza kwa ajili ya dawa ambayo karatasi ya vipimo vya mume wangu inaikataa ni wizi, hata ukifanywa kwa sauti ya upole.

Niwe mwadilifu: wanajibu simu haraka, barua za viza wanazishughulikia vizuri, na hospitali wanazozitaja zipo na zina madaktari wazuri. Kwa mgonjwa ambaye daktari wake wa hapa ameshaandika anachokihitaji huko, labda wanafaa, na mwanzoni nilikusudia kuwapa alama tatu kati ya tano. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyomkumbuka yule mzee aliyekuwa ameketi pembeni na bahasha ya picha mapajani, akisubiri kuitwa, na siwezi kuwapa hata moja.

Kwa sasa mume wangu anaendelea na kemo hapa hapa. Madoa ya saratani kwenye ini yakipungua vya kutosha watatazama kama yanaweza kukatwa, maana kwa baadhi ya wagonjwa ambao saratani imeishia kwenye ini hilo linawezekana hata katika hatua ya nne. Bevasizumabu, dawa nyingine isiyozuiwa na badiliko la KRAS, tumeizungumzia, na bei yake tunaihesabu. Tiba ya kinga ya mwili haimhusu, kwani kipimo kilionyesha kwamba hayumo katika ile takriban asilimia 5 ya wagonjwa wa hatua hii wanaoweza kunufaika nayo. Muuguzi wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, alimwanzishia mofini ya maji, akanifundisha kuipima na kumpa kwa saa zilizopangwa, si kungoja alie. Sista yule Mungu ambariki, sasa mume wangu analala.

Ada ya jalada bado naidai. Nimewaandikia barua, nimeambatanisha karatasi ya vinasaba, na mstari wa KRAS nimeupigia wino mwekundu.