Mama ntilie wa nje ya Muhimbili: maharage makali, benchi hazitoshi, ndugu utawakuta hapohapo

Wale wa mikoani mnaopewa rufaa ya kuja Muhimbili na hapa Dar hamna wa kumpigia simu, hii inawahusu. Ukitoka getini upande wa daladala kuna mama ntilie kadhaa wamejipanga, mi nawasemea huyu wa mwisho mwenye turubai la bluu, hana hata bango, wateja wanamuita Bi Mkubwa na anaitika.

Msosi kwanza. Ugali maharage buku mbili, wali nyama buku tatu, samaki bei yake inategemea soko la Feri limeamkaje. Maharage ya nazi ndo kiboko, hayo sina la kusema, ila nyama siku nyingine unaitafuna mpaka taya linaomba poo. Chapati uwahi, saa tatu asubuhi huzikuti.

Sasa kinachofanya watu wamng'ang'anie ni yale masufuria mawili ya pembeni. Moja halitiwi chumvi kabisa, la wagonjwa wa presha na figo, jingine ni mtori kwa wasioweza kutafuna. Unamuachia hotipoti lako asubuhi, anaandika wodi juu ya mfuniko kwa makapeni, muda wa kuona wagonjwa ukifika unakuta tayari. Na jina lako linaishia siku hiyohiyo, kuanzia hapo unaitwa kwa wodi ya mgonjwa wako. Mi nilikuwa na mzee wangu MOI, ile taasisi ya mifupa hapohapo Muhimbili, kagongwa na bodaboda huko kwetu Tabora mguu ukavunjika vibaya, basi nikawa Moi. Kuna Mama Kibasila, kuna Anko Mwaisela, kuna shangazi mmoja katokea Newala na mwanae ana tatizo la moyo, huyo ni Shangazi Moyo.

Nikichelewa kwenye mambo ya bima, Anko Mwaisela akitoka kumuona mkewe anapitisha uji kwa mzee wangu, na hajaombwa. Mzee akamzoea mpaka mi mwanae wa kunizaa nafika na hotipoti naulizwa "mwenzio yuko wapi leo?"

Ikafika operesheni, tukaambiwa watafutwe ndugu wa kuchangia damu. Ndugu wenyewe wako Tabora, wa hapa mjini ni binamu mmoja wa Mbagala, simu ikawa inaita tu mpaka inakata. Nilikuwa nimekaa pale sijamwambia mtu, Bi Mkubwa aliniona tu sura akauliza, nikamjibu, akapaza sauti kwa benchi zote "Moi anatafuta watu wa damu!" Shangazi Moyo wa kwanza kunyanyuka, kufika kule akakataliwa maana hafiki kilo 50, akanuna kutwa nzima kama kanyimwa urithi. Anko alishatoa mwezi uliopita kwa ajili ya mkewe na mwanaume lazima ikate miezi 3. Waliotoa ni kijana anayeosha vyombo na jamaa mmoja wa mkokoteni aliyekuja zake kula, yeye hata mgonjwa hana pale. Kuulizwa ni nani kwa mgonjwa akasema mtoto wa mdogo wake, mkavu kabisa, na mi nikaitikia.

Bi Mkubwa ni Mzaramo na mi Mnyamwezi, kwahiyo ni watani toka enzi zile wazee wetu wanashusha pembe za ndovu kwenda Bagamoyo wanapita kwao. Siku ya kwanza tu kusikia Tabora akanipakulia ukoko akasema mpagazi hali laini, na chenji yangu hakurudisha. Ukija una mtani pale jiandae, ila huyohuyo ndo alimpakata Mama Kibasila siku aliyofiwa na mume. Daftari la madeni likageuzwa likaanza kuandikwa nyuma michango ya jeneza na gari la kwenda Songea, muosha vyombo kaandika buku tano. Ndugu wa marehemu walifika baada ya siku mbili, kitu cha kwanza kuulizia ilikuwa funguo za nyumba. Sisemi ndugu wote wako hivyo, wa kwangu walinitumia nauli na wakaja, ila siku ile benchi zima tuliangaliana.

Kasoro zipo. Siri hakuna, choo cha mgonjwa wako kitajadiliwa na watu sita wanakula. Michango haina hiari sana, Bi Mkubwa anakutazama mpaka mkono unaingia mfukoni. Mvua ikinyesha turubai linavuja upande wa kushoto, na saa saba mchana unakula umesimama. Kunawa ni jagi moja na beseni moja foleni nzima.

Kwangu nyota nne kwa tano, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya nyama. Mzee alisharuhusiwa, anatembelea magongo, na kila Anko akipiga simu anaomba apewe kwanza yeye kabla yangu. Hotipoti liwe na mfuniko wa kukaza, lipa namba anayo ila mtandao ukisumbua anakuandika utalipa kesho, na Jumapili hapiki mpaka jioni.