Wiki 12 katika darasa la jioni la hisabati tumizi: uzoefu wangu

Nasoma teknolojia ya habari, mwaka wa pili, katika chuo kimoja hapa Nairobi. Muhula uliopita, CAT (jaribio la katikati ya muhula) ya kwanza ya hisabati nilipata 9 kati ya 30. Wakati huo nilikuwa nalipia programu ya simu ambayo unaipigia swali picha, nayo inakutolea jibu hatua kwa hatua. Mazoezi yote ya nyumbani nilikuwa nayapata. Siku ya mtihani simu ikabaki mkobani, nami nikabaki na kalamu na karatasi tupu.

Rafiki yangu wa hosteli ndiye aliyeniambia kuhusu darasa hili. Liko mjini, ghorofa ya 4, dakika chache kutoka Moi Avenue. Ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja na nusu hadi saa moja na nusu jioni. Ada ni shilingi 6,000 kwa wiki 12 na unaruhusiwa kulipa kwa awamu tatu. Mwalimu ni mtu wa mitandao ya kompyuta, mchana ana kazi yake. Sharti lake ni moja: kila kitu kinafanywa kwanza kwa mkono, kompyuta inafunguliwa baadaye.

Jioni ya kwanza alituambia tubonyeze *#06# kwenye simu zetu. Zikatokea tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu. Akatuambia tuifunike ile ya mwisho, halafu tuitafute kwa hesabu. Unaanzia kulia kwa tarakimu ya 14, unazidisha kwa 2 tarakimu moja, unaruka moja, unazidisha inayofuata, hivyo hivyo hadi mwisho. Jibu likizidi 9, unatoa 9. Unajumlisha zote, kisha unaangalia ni ngapi inahitajika ili jumla igawanyike kwa 10 bila baki. Hiyo ndiyo tarakimu ya 15. Yangu ilitoka 4, nikafunua kidole, ikawa 4. Njia hii ni ya Hans Peter Luhn wa IBM, aliyeiombea hataza mwaka 1954, na kadi za benki nazo huitumia. Hesabu za baki nilikuwa nimezisoma darasani chuoni kwa wiki tatu bila kujua kwamba natembea nazo mfukoni.

Kisha akauliza: ukikosea tarakimu moja, njia hii itakukamata? Ndiyo, kila mara. Ukibadilishana tarakimu mbili zilizo jirani? Hapo alituacha twende nayo nyumbani. Nilikesha. Inakamata karibu zote, isipokuwa 0 na 9 zikibadilishana nafasi. Sababu ni kwamba 0 mara 2 ni 0, na 9 mara 2 ni 18, ukitoa 9 inarudi 9 ile ile. Zote mbili hazibadiliki zikizidishwa, kwa hiyo jumla haisogei. Ulikuwa uthibitisho wangu wa kwanza kuuandika mwenyewe tangu nitoke sekondari, na ile karatasi bado ninayo.

Lakini kilichonishika zaidi ni mada ya foleni. Hapa ndipo ninaposema darasa lina thamani ya ada yake. Mwalimu alituagiza twende steji, kila mtu ya kwake, na saa na daftari. Mimi nilisimama Ijumaa jioni kwenye steji ya magari ya Thika Road. Kwa dakika 10 walijiunga watu 40, yaani 4 kwa dakika. Nilichagua watu watano nikawafuata kwa macho hadi wakapanda gari: kwa wastani walikaa dakika 12. Kanuni ya Little, aliyoithibitisha John Little mwaka 1961, inasema idadi ya watu walio kwenye foleni kwa wastani ni kasi ya kufika mara muda wa kukaa. 4 mara 12 ni 48. Nilihesabu vichwa mara kadhaa nikapata wastani wa 51. Nilisimama pale na daftari langu nikahisi kama mtu aliyeonyeshwa mlango uliokuwa ukutani siku zote.

Alhamisi iliyofuata tukaihamishia foleni ile kwenye seva, yaani kompyuta inayojibu maombi ya watu wanaofungua tovuti. Chukua seva moja yenye uwezo wa kuhudumia maombi 100 kwa sekunde, maombi yakija kwa nasibu na muda wa kuhudumia kila moja nao ukiwa wa nasibu. Yakija 90 kwa sekunde, ombi moja hukaa kwa wastani sekunde 0.1, kwa kuwa unagawanya 1 kwa tofauti ya 100 na 90. Yakija 99, tofauti ni 1, na muda unakuwa sekunde 1 nzima. Maombi 9 tu yameongezeka, na muda umekuwa mara kumi. Seva bado haijajaa! Kila mwanafunzi anajua jinsi tovuti ya usajili inavyokwama siku ya kwanza ya muhula. Sasa najua kwa nini, na naweza kukuonyesha kwa mistari miwili. Msingi wa hesabu hizi uliwekwa na Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, na andiko lake la kwanza kuhusu jambo hilo ni la 1909.

Kasoro zipo, na si ndogo zote. Tulianza watu 14. Mitihani ilipokaribia tulifika 31 kwenye chumba kile kile, wengine wakiandikia magotini. Takwimu ilikimbizwa kwa vipindi vitatu, na ndiyo nusu ya mtihani wetu. Maandishi yanayouzwa kwa shilingi 200 yalikuwa na kosa katika zoezi la kuzidisha matriksi (majedwali ya namba), safu na mistari vimebadilishwa. Nilifanya mazoezi kwa njia hiyo mbovu wiki mbili kabla ya kosa kutajwa. Mwalimu aliomba radhi mbele ya wote, lakini nakala mpya hazikuchapwa. Tena darasa likiisha mvua inanyesha, nauli ya kurudi Roysambu hupanda, jambo ambalo anayekaa mbali lazima aliweke kwenye hesabu yake.

Mtihani wa mwisho nilipata 61. Swali la foleni nilipata alama zote. La takwimu niliacha sehemu mbili.

Anayetaka majibu ya haraka wiki moja kabla ya mtihani hatafaidika hapa. Anayeanza muhula na ana jioni mbili za kutoa, namwambia aende, na akae mstari wa mbele kabla watu hawajaongezeka. Mdogo wangu anaanza mwezi ujao. Nimempa maandishi yangu, ukurasa wa matriksi nimeusahihisha kwa wino mwekundu.