Joho la shujaa kwa paka: zuri pichani, sumbufu shingoni

Kwa picha ya kumbukumbu ya paka akiwa shujaa wa filamu, joho hili jekundu linapendeza, ila usiagize kwa kukisia. Pima shingo na kifua. Vidole 2 vipite chini ya mkanda. Kasoro kubwa ni velkro, utepe wa kufungia wenye vikulabu vidogo: hunasa manyoya, na mlio wake ikibanduliwa humshtua paka. Ifumue, ushone vifungo vidogo vya kubonyeza, ambavyo huachia vikivutwa kwa nguvu joho likinaswa mahali. Pindo likivuka shina la mkia, lifupishe, la sivyo atalikanyaga. Dakika 5 zinatosha, nawe ukiwa karibu. Akiganda au akijilaza ubavu, mvue. Barakoa inayokuja nalo? Tupa. Inabana sharubu na kuziba macho.