Bolu valvu ipi ununue kwa mabomba ya kiwandani

Ukiikata bolu valvu katikati kwa msumeno utaona haina siri kubwa. Kuna tufe la chuma lililotobolewa tundu, siti mbili za tefloni zinazolibana mbele na nyuma, na shina linaloligeuza. Mkono ukilala sambamba na bomba, njia iko wazi. Ukiugeuza robo mzunguko ukakatiza bomba, imefungwa, na mtu aliye hatua ishirini anaiona hali yake bila kuuliza. (Naiita bolu valvu kama mafundi. Ukimwambia muuzaji "valvu ya mpira" utaletewa kitu chenye raba ndani.)

Wanunuzi wengi hutazama ganda la nje: linang'aa, ni zito, basi ni zuri. Mimi naanza na siti. Ganda litadumu miaka, siti ndiyo itakayosimamisha kazi siku usiyoitarajia. Kwa hiyo nimezipanga kwa swali moja tu: siti ikichoka, utahangaika kiasi gani?

1. Ya vipande vitatu, chuma cha pua 316, tundu kamili

Hii ndiyo ninayoinunua kwa laini yoyote inayofanya kazi kila siku. Vipande viwili vya pembeni vimeshika bomba, na cha katikati kimebanwa kati yake kwa bolti ndefu. Siti ikianza kuvujisha, unafunga mkondo, unatoa presha yote, unaondoa bolti zote isipokuwa moja, kisha unakizungusha kipande cha katikati nje kama mlango kwenye bawaba. Unabadilisha siti na pakingi (vizibo laini vya kuzuia uvujaji), unarudisha. Bomba halijaguswa.

Faida nyingine inaonekana siku ya kuchomelea. Tefloni haipatani na moto wa welding, hivyo fundi makini hushika vipande vya pembeni kwa nukta chache za welding, anatoa cha katikati, ndipo anachomelea kabisa. Nimewahi kuletewa valvu mpya iliyochomelewa ikiwa nzima. Mkono uligoma kuanzia siku ya kwanza, na tulipoifungua siti zilikuwa zimejikunja kama ganda la ndizi lililokaa juani.

Kuhusu namba, ambazo ni aina za chuma cha pua: 316 ina molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayoisaidia kuvumilia chumvi kuliko 304. Kama kinachopita ni maji safi au mafuta, 304 inatosha, usijitie hasara. Tundu kamili maana yake tundu la tufe lina upana sawa na bomba, kwa hiyo presha haipotei njiani.

Kasoro yake ni bei, na zile bolti. Zikazwe kwa kupokezana, kona kwa kona. Ukimaliza upande mmoja kwanza itavuja.

2. Ya vipande viwili, yenye flenji

Flenji ni duara la chuma lenye matundu ya bolti, mwishoni mwa valvu na mwishoni mwa bomba. Kuanzia inchi 2 kwenda juu, hii ndiyo kazi yake. Siti ikifa unaishusha valvu nzima, unaweka ya akiba, unaitengeneza mezani kwa nafasi yako. Chuma cha kaboni kinafaa kwa mafuta, gesi na mvuke. Kemikali na vyakula vinataka chuma cha pua.

Hapa wengi hukosea mambo mawili. La kwanza ni "Class 150" iliyochongwa ubavuni: hilo ni jina la daraja la presha, si psi 150. Kwa ganda la chuma cha kaboni la kawaida ni bari 19.6 kwenye joto la kawaida, na inashuka hadi bari 13.8 kwenye nyuzi 200 za Selsiasi. Tena hilo ni ganda tu. Siti ina kikomo chake, na mara nyingi ndicho kinachofika kwanza, kwa hiyo dai jedwali la presha na joto la valvu yenyewe.

La pili ni flenji zisizolingana. Ya inchi 3 ya Class 150 ina matundu 4 ya bolti, ilhali ya PN16 (daraja la presha la mfumo wa Ulaya) ya ukubwa huohuo ina 8. Hapo hakuna ujanja wa kuzilazimisha. Hesabu matundu yaliyoko kwenye bomba lako kabla hujatoka.

3. Ya vipande viwili, ya hesi

Kwa laini ndogo za hewa ya kompresa na maji, sina ugomvi nayo. Angalia tu aina ya hesi, yaani meno ya kuzungushia. NPT, ya Kimarekani, ina pembe ya digrii 60, BSPT, ya Kiingereza, ina 55, na kwa nusu inchi na robo tatu zote zina meno 14 kwa inchi. Ndiyo maana zinaanza kuingiana vizuri kabisa, mizunguko miwili mitatu, halafu zinagoma, au zinakaza na kuvuja hata ukifunga tepu nusu roli. Kilichokosewa dukani hakiponywi na tepu.

4. Ya kipande kimoja

Ndogo, rahisi, tundu lake kwa kawaida ni jembamba kuliko bomba. Haitengenezeki, ikifa unaitupa. Iweke kwenye mfereji wa kutolea uchafu au chini ya geji, usiiweke mahali ambapo kuitoa ni lazima ukate bomba.

5. Ya brasi

Kwa hewa na maji ya kawaida inafanya kazi, na nisingeitoa ilipo kama haisumbui. Lakini maji mengine huila zinki ndani ya brasi na kuacha shaba laini kama sifongo, na amonia huipasua. Kama kiwanda chako kina amonia popote, iache.

Nje ya orodha zipo zile ambazo tufe lake limeshikwa juu na chini kwa egemeo. Kwenye hizo za kawaida, presha hulisukuma tufe likaegemea siti ya upande wa pili, na kadiri valvu inavyokuwa kubwa ndivyo mkono unavyokuwa mzito. Egemeo hubeba mzigo huo. Kwa mabomba makubwa ya presha ya juu hutakuwa na chaguo jingine, kwa hiyo sikuona haja ya kuipa namba.

Sasa siti zenyewe

Mvuke wa bari 10 una joto la nyuzi 184 hivi. Tefloni ya kawaida huko inakaribia mwisho wake, kwa hiyo kwa mvuke omba iliyoongezwa nguvu au siti za PEEK, plastiki ngumu inayovumilia joto zaidi. Joto likizidi sana ni siti za chuma.

Kisha kuna tabia ya kuuacha mkono nusu ili kupunguza mkondo. Mtiririko wote unapita kwenye ukingo mmoja wa siti na kuutafuna. Ukiitoa utaona pengo lenye umbo la mwezi mwandamo, na valvu hiyo haitafunga tena. Ukitaka kupima mkondo nunua globu valvu, au bolu valvu yenye tufe la tundu la V.

Ukiwa dukani, fungua na ufunge mara tano. Mkono uwe mzito kwa usawa, usiwe na mahali unapokwama. Chungulia tundu ikiwa wazi kabisa: la tundu kamili lisioneshe ukingo wa tufe. Uliza kama shina limeingizwa kutoka ndani, maana lililoingizwa kutoka nje linaweza kurushwa na presha pakingi ikilegea. Kama siku moja utaweka mota, tafuta kitako cha juu chenye matundu ya ISO 5211. Kwa vitu vinavyowaka dai cheti cha API 607, cha jaribio la moto. Kwa oksijeni dai iliyosafishwa mafuta na kufungwa kwenye mfuko, na mfuko huo usimruhusu mtu kuufungua kaunta kwa ajili ya kukuonesha.

Na ukiondoka na ile namba 1, chukua pakiti mbili za siti na pakingi za modeli hiyohiyo, siku hiyohiyo. Siti za kampuni nyingine, hata zikiandikwa inchi ileile, mara nyingi hazikai.