Kipima-mtetemo cha leza mbele ya sikio la panzi

Kifaa hiki kimenivutia kwa jambo moja kubwa: hakigusi kabisa kiumbe kinachopimwa. Nilielekeza mwale mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 632.8 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) kwenye ngoma ya sikio la panzi, utando mwembamba ulio ubavuni mwa tumbo lake, na kwa kanuni ya Doppler, yaani kulinganisha masafa (idadi ya mawimbi kwa sekunde) ya mwanga unaorudi na ya ule uliotoka, kikaonyesha mitikisiko ya nanomita chache, midogo kiasi kwamba kipimo cha kugusa kingeizima. Kwa utafiti wa usikivu ningekichagua tena bila kusita. Programu yake yaeleweka upesi. Hata hivyo, nukta ya mwanga ikisogea kidogo ishara hudhoofika ghafla, na hatua za mtu anayepita chumbani huonekana kwenye skrini, hivyo meza nzito isiyotikisika ni ya lazima.